Kabla ya kuuliza RAM, tazama matundu

Anayekwenda Mwanjelwa, jijini Mbeya, kununua kompyuta mpakato iliyotumika huuliza ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), aina ya prosesa na nafasi ya kuhifadhia, na muuzaji, kwa kuwa ameyazoea maswali hayo, ndiyo anayoyajibu kwenye kikaratasi alichobandika juu ya mashine. Matundu ya ubavuni, yale ya kuchomekea waya na vifaa, hayaulizwi wala hayaandikwi. Hata hivyo ni matundu hayo yatakayoamua kama mwalimu wa sekondari kule Rungwe ataweza kuonyesha somo lake ukutani, au kama mwenye steshenari pale Kabwe ataweza kuchomeka printa, kipanya na flashi ya mteja kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu yanastahili kuulizwa kwanza, kwa sababu RAM ya mashine nyingi za miaka ya nyuma huongezeka, lakini tundu ambalo kiwanda hakikuliweka, fundi haliongezi.

Tuanze na VGA, tundu la kutolea picha, ambayo ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987. Ina pini 15 katika safu tatu, kichwa cha waya wake hukazwa kwa skrubu mbili, na hubeba picha peke yake kwa njia ya analojia, yaani mkondo wa umeme unaopanda na kushuka mfululizo, bila sauti. Wanaosema imepitwa na wakati wana haki, lakini projekta ninazokutana nazo katika shule na kumbi za huku kwetu bado zinaitegemea, na kila mahali tatizo ni lile lile: waya umechomekwa na kuchomolewa kwa haraka hadi pini moja imelala. Inayobeba rangi ya bluu ikilala, picha yote hugeuka njano, na projekta hulaumiwa bure. Mulika kichwa cha waya kwa tochi ya simu kabla ya kumwita fundi.

HDMI, iliyotoka mwaka 2002, hupitisha picha na sauti kwa pamoja kwa njia ya dijitali, yaani kwa tarakimu. Kwa sababu hiyo, kuipeleka HDMI kwenye projekta ya VGA kunahitaji adapta yenye chipu ya kugeuza dijitali kuwa analojia. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hauonyeshi kitu, na bado unauzwa. Sauti nayo hubaki nyuma, isipokuwa adapta iwe na tundu lake la spika.

Kwa tundu la kawaida la USB, lile bapa, wengi huangalia rangi wakiamini kuwa bluu ni USB 3.0. Mara nyingi ni kweli, lakini wapo watengenezaji wasiofuata rangi hiyo. Dalili ya uhakika iko ndani: USB 2.0 ina vibati vinne vinavyopitisha umeme, ilhali USB 3.0 ina tisa, vitano vya nyongeza vikiwa katika safu yao ya pekee. Tofauti yake si ndogo, kwani ya kwanza hufikia megabiti 480 kwa sekunde na ya pili gigabiti 5, yaani megabiti 5,000.

Kinachoniudhi hasa ni USB-C. Tundu hili la mwaka 2014 lenye vibati 24, linaloingia upande wowote, ni zuri sana kwa umbo, na Umoja wa Ulaya ulifanya vyema kulilazimisha kwenye simu mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Lakini sheria ile inahusu kuchaji. Mashine mbili zilizowekwa meza moja zinaweza kuwa na matundu yanayofanana kabisa, moja likitoa picha, likipokea chaji ya wati 100 na kusafirisha gigabiti 40 kwa sekunde, jingine likiishia kwenye megabiti 480 bila picha wala chaji. Macho hayatofautishi. Waya nazo ni hivyo hivyo: nyingi zinazokuja na simu ni USB 2.0 kwa ndani, na waya wa kupitisha zaidi ya wati 60 sharti uwe na chipu yake ndani ya kichwa. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa kila USB-C ni ile ile anauziwa ahadi ambayo mashine haitaitimiza.

Kuhusu tundu la mtandao wa waya, RJ45, niseme moja tu: msitundike kebo yake nje kutoka jengo hadi jengo, maana radi za Tukuyu na Uyole huingia humo na kuunguza tundu pamoja na ubao wa kompyuta.

Ninachowaomba wauzaji ni kuongeza mistari miwili kwenye kikaratasi kile: idadi na aina ya matundu, na uwezo wa kila USB-C katika picha, chaji na kasi. Shule zinazotangaza zabuni ziandike hayo hayo kwenye vipimo vyao, badala ya kuandika “iwe na USB” na kuishia hapo. Mnunuzi naye aruhusiwe, kabla ya kulipa, kuchomeka flashi katika kila tundu na kuunganisha HDMI kwenye televisheni ya dukani, na waranti itaje matundu kwa jina.