Nilifuata bia, sikufuata makumbusho

Jamani mimi kiu yangu ilikuwa ya kawaida tu, kiu ya Jumamosi, nikawaambia washkaji twendeni popote penye bia na kiti. Popote! Sasa kwenye kundi letu kuna mmoja anajifanya msomi, akasema ukifika Liverpool lazima uingie Philharmonic, ile baa ya Hope Street, imejengwa 1898 mpaka 1900, na mwaka 2020 wakaipandisha daraja la kwanza kabisa la majengo ya urithi. Nikamuuliza na bia ni za 1898?

Tukaingia. Geti la chuma lina nakshi za dhahabu, madirisha ya vioo vya rangi, kaunta imepambwa vijiwe vya mosaiki, mbao zimechongwa mpaka unaogopa kuegemea. Vyumba viwili vinaitwa Brahms na Liszt, majina ya watunzi wa muziki wa zamani, msomi akatueleza kwamba kwa Kiingereza cha mtaani ukimwambia mtu yuko Brahms na Liszt maana yake yuko chakari. Tukacheka, huku koo langu limekauka kama kiangazi cha Dodoma.

Halafu nchi hii hakuna dada wa kumwita akaja na kopo la vizibo akuulize ya moto ya baridi, unakwenda kaunta mwenyewe kama unalipa luku. Nikachukua ile ya kuvutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa, nyuzi joto kama 12 hivi, wenyewe wanasema ndiyo inatakiwa iwe hivyo. Hiyo kwetu ni ya moto, mwisho wa mjadala.

Na kuna habari ya raundi. Kila mtu ananunulia meza nzima kwa zamu. Msomi zamu yake ikifika anakumbuka kupiga picha dari! Dari ile kaipiga picha 40, na kila picha mimi nimeilipia.

Sasa choo. Choo cha wanaume pale ni maarufu kuliko baa yenyewe, sehemu za kukojolea ni za rangi ya waridi, kama marumaru, watalii wanakuja kuziangalia, kina mama wakiwemo. Nimeingia nimebanwa, mlangoni nyuma yangu bibi mmoja na kamera anauliza kwa adabu zote kama ndani pako wazi. Bibi, pangekuwa wazi ningekuwa nimekunja uso hivi? Mwili ukagoma kabisa. Nikatoka, nikampisha, akapiga picha zake, akanishukuru, nikarudi.

Kumbe huku nyuma msomi kashatupia picha za vioo kwenye grupu la familia, maana yumo, ni binamu yangu. Simu inaita, video kol, mama. Baa ina kelele, nikapokelea humohumo chooni, peke yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nimeona picha, nimelia. Miaka yote nakuombea urudi kanisani!"

Nimwambie nini? Mtaa wenyewe una kanisa kuu la Kianglikana upande huu na la Kikatoliki upande ule, sikudanganya sana niliposema niko maeneo hayo. Tatizo mkono ulitetemeka, simu ikageuka.

"Ee, na hivyo vya rangi ya waridi ukutani ndiyo visima vya ubatizo? Vizuri jamani! Hebu sogea nione maji yake."