Ndafu haijataga, jamani

Tangu jana mnanijazia emoji za mbuzi na mayai inboksi, sasa ngoja niseme mwenyewe, maana yule jamaa yangu wa duka la spea ameshasambaza ya kwake kuhusu mpira wangu wa gofu na sendofu ya jirani, na kwenye ya kwake eti kuna padri kapigwa na mpira kichwani. Hakuna padri aliyeguswa. Padri alishakula akaondoka zake mapema, muulizeni yeyote aliyekuwepo.

Ile safari ya gofu mnaijua, nimewachosha nayo hapa. Kundi letu lilibishana wee, wengine wanataka Zanzibar, pale Mangapwani kuna uwanja wa mashimo 9, karibu, hakuna pasipoti, mweka hazina akasema hapana, watu wa Moshi wakitoka wanatoka kweli, tunaenda Morisi, Île aux Cerfs. Ni kakisiwa upande wa mashariki, kuingia ni kwa boti, mashimo 18, uwanja kachora Bernhard Langer, yule Mjerumani aliyebeba Masters, yale mashindano makubwa ya gofu, 1985 na 1993. Na huyo Mjerumani sijui alikosewa nini na binadamu, kila ukipiga mbele yako kuna maji, kama sio bahari ni kidimbwi, kama sio kidimbwi ni mikoko. Jamaa wa spea kaangalia video mpaka mwisho akaniambia, "Baba Glory, wewe mipira beba kwa gunia."

Iliniuma, siwafichi. Halafu akaniongezea, eti hapa Moshi tuko mita 800 na kitu juu, hewa nyepesi, mpira unateleza tu, kule usawa wa bahari hewa nzito, ongeza nguvu. Na ni kweli unapungua, ila ni hatua chache tu. Hilo la "chache" hakulisema.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa naomba mnisikilize kwa upole. Jirani yangu Mama Happy alikuwa na sendofu ya binti yake. Kadi ya mchango ililetwa mapema kabisa, nikamwambia mama hali ngumu, duka limelala, ada za watoto hizi hapa. Akanipa pole. Akaniombea hadi na biashara, mkono juu ya bega. Mke wangu akatoa wa kwake kimya kimya, akashona na sare.

Kwa hiyo Jumamosi yeye yuko sendofu, mimi niko nyuma ya nyumba na matarumbeta nayasikia juu ya fensi, nimetandika turubai la buluu kati ya migomba, hiyo ndiyo Bahari ya Hindi. Glavu mkononi, kofia, kaptula. Nikalenga mgomba wa mwisho, nikaongeza nguvu kama nilivyoelekezwa.

Mpira ukatoka vizuri mno. Ukaupita mgomba, halafu ukaanza kukata kona kulia, kulia, kuliaaa, nikawa nauita kwa jina la Yesu urudi.

Nikapanda juu ya ndoo kuchungulia. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ndiyo ilikuwa imeletwa, imepiga magoti kwenye sinia, majani mdomoni, karoti na nyanya pembeni, mpishi anacheza na kisu, MC anaita "kata! kata!" Mpira ukatua juu ya tenti. Tup. Matarumbeta yakakata. Watu wote macho juu, na mpira wenyewe mnauona kivuli chake kwa ndani unavyobiringika taratiiibu, ukafika pale tenti mbili zinapoungana ukasimama. Ukasimama kabisa! Nikasema Mungu wangu asante, wataendelea tu.

Mzee mmoja wa upande wa wajomba akainuka na bakora yake, akasukuma tenti kwa chini kama anavyomwaga maji ya mvua.

Ukapita katikati ya tenti, ukadunda kwenye karoti, ukarudi nyuma ukatulia kati ya miguu ya nyuma ya ndafu. Mweupe, unang'aa. Kimya. Hata watoto kimya. MC akainama, akaangalia, akasogeza maiki mdomoni:

"Ndugu wageni waalikwa... ndafu imetaga."

Nyie, kilichotokea hapo sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo, na bado ningepona, kila mtu angesema ni watoto wa jirani. Ila mweka hazina wetu si alituagiza kila mtu aandike mipira yake kwa maka pen isije ikachanganyika huko tuendako? MC akaliokota yai, akaligeuza. "Jamani, yai lina maandishi." Akasoma kwa maiki, herufi moja moja, "Baba... Glory... Mo-ri-si."

Mama Happy alikuwa karibu na ile maiki. "Morisi? Si alisema duka limelala?"

Mke wangu alijifunika kitenge chote usoni. MC akanyoosha kidole: "Na kichwa chenyewe kile pale juu ya fensi."

Mengine mnayajua. Nililetwa na kaptula yangu, nikakalishwa meza ya wajomba, nikatoa simu nikatuma mchango, kiasi kikasomwa kwa maiki, nikakatiwa nyama, mnajua ya upande gani, nikala. Mama Glory mpaka sasa kanisemesha neno moja tu, "chumvi". Pesa ya boti imeyeyuka, mweka hazina anasema nitaogelea.

Mpira wamekataa kurudisha. Na leo asubuhi kadi ya mchango wa harusi imepenyezwa chini ya geti, na pale kwenye kiasi wameshajaza wenyewe.