Stuli ya Kona

Nikiulizwa "Uko na nani?" nikiwa baa, siku hizi hujibu, "Niko na mimi." Watu hucheka, kisha hunitazama kwa huruma ile wanayomtazamia mgonjwa anayedai amepona. Kwao anayekunywa peke yake ama ameachwa, ama anadaiwa, ama ulevi umeshamwingia. Anayekunywa chai peke yake hakuna anayemshuku.

Mimi huenda mara moja kwa wiki, katikati ya juma. Wikiendi baa si ya mtaa tena, ni ya spika. Jumatano muziki uko chini, mhudumu anafuta glasi bila haraka, na stuli ya kona ya kaunta iko wazi. Hiyo kona ndiyo siri yenyewe. Ukikaa mezani peke yako, viti vitatu vitupu vinakusema. Kaunta mmetazama upande mmoja nyote, kama abiria wa basi: unaongea na jirani bila kugeuka, na ukichoka unahesabu chupa za rafuni na hakuna atakayesema umemnunia.

Kinachonipeleka ni kujulikana, lakini kujulikana kidogo. Mhudumu anajua kinywaji changu na anajua sitaki barafu. Jina la baba yangu halijui. Mzee wa stuli ya pili huniita "jirani". Tumeshabishana kuhusu mpira, mvua, na kama paka huelewa jina lake (yeye anasema analielewa vizuri, ni dharau tu). Kazi hatujawahi kuulizana.

Ray Oldenburg, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1989 aliandika kuhusu "mahali pa tatu": si nyumbani, si kazini, ni pale watu wanapokutana bila mwaliko na vyeo vikabaki nje. Baa za mtaa zilikuwa kati ya mifano yake. Kwake mazungumzo ndiyo shughuli kuu ya mahali hapo, na hapo ndipo ninapomkatalia kidogo. Zipo jioni nimekaa saa mbili bila kusema zaidi ya "asante", nikasikiliza ugomvi wa wengine kuhusu penalti, na nikarudi nyumbani mwepesi. Ukimya wa nyumbani sikuupata pale, ingawa nilinyamaza vilevile.

Najua pombe haina utetezi mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango chake kilicho salama kwa afya. Sibishi. Vyangu ni viwili kwa jioni nzima, na baa yenyewe ni ya kwenda na kurudi kwa miguu. Kuna wiki naagiza soda tupu. Mhudumu huifungua kama anavyofungua bia, wala haulizi kulikoni. Mtu wa namna hiyo ukimpata, usihame mtaa.

Lakini kuna jambo linaniudhi. Mwanamume akikaa peke yake anaitwa mtu wa mawazo. Dada akikaa stuli ileile, dakika kumi haziishi ameshatumiwa chupa asiyoiagiza, na aliyeituma anatabasamu kutoka upande wa pili kama mwenye risiti mkononi. Baa nyingi zinazojisifu kuwa za kirafiki huanguka hapo. Kwetu mhudumu humwinamia kwanza, anamuuliza kwa sauti ya chini kama anaitaka. Akikataa, chupa inarudi ilikotoka, bila hotuba. Nimeona mtuma chupa mmoja akihama baa kwa hasira. Stuli yake haikukaa wazi muda mrefu.

Wiki iliyopita mzee aliondoka kabla yangu. Alivaa kofia, akafika mlangoni, akakumbuka.

"Jirani, jana nimemwita paka mara tatu."

"Akaja?"

"Amegeuza sikio."

Akatoka akiwa ameshinda.