Blade Runner na diski ya tatu: Vangelis hakuwa na deni la kila dakika

Tangu toleo la kuadhimisha miaka 25 la muziki wa filamu ya Blade Runner, uliotungwa na Vangelis, litoke Desemba 2007, lawama imekuwa ni ile ile: diski tatu, vipande 36, na bado muziki wote unaosikika kwenye filamu haumo. Diski ya kwanza ni albamu ya 1994 kama ilivyokuwa. Ya pili ina vipande 12 ambavyo havikuwahi kutolewa rasmi. Ya tatu, na hapa ndipo hasira ilipo, ni muziki mpya ambao Vangelis aliutunga kutokana na mvuto wa filamu hiyo, na ndani yake zinasikika sauti za watu wakizungumza, akiwemo mwongozaji Roman Polanski. Wakusanyaji wanauliza: inakuwaje diski nzima ijazwe muziki ambao haumo kwenye filamu, ilhali upo uliomo ambao haujatolewa?

Swali hilo lina haki yake. Lakini kwa miaka yote hii limeulizwa kana kwamba jibu ni moja tu, na kana kwamba mtunzi aliwadhulumu wasikilizaji wake. Sikubaliani na hilo.

Tuanze na deni lenyewe, kwa sababu lipo. Filamu ilipoingia kwenye kumbi mwaka 1982, maandishi ya mwisho yaliwaahidi watazamaji kwamba albamu ya muziki ingepatikana kutoka kampuni ya rekodi ya Polydor. Haikutoka. Badala yake ilitoka santuri ya New American Orchestra, okestra iliyopiga upya muziki wa Vangelis kwa ala nyingine, na anayeijua filamu hahitaji hata dakika moja kutambua kwamba sicho alichokisikia. Albamu yake Vangelis mwenyewe ilikuja 1994. Ni miaka 12.

Miaka hiyo 12 ina uzito kuliko inavyosemwa. Si kwamba watu walisubiri tu; walifundishwa namna fulani ya kusikiliza. Aliyeupenda muziki huo katika miaka ya themanini alikuwa na njia moja ya kuupata: kutazama filamu, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, masikio yakiwa yamenasa nyuma ya mvua, ving'ora na mazungumzo. Akaujua muziki kwa majina ya matukio: ule wa jengo la Tyrell, ule wa paa, ule wa kwa Sebastian. Kisha zikaja nakala za magendo, na ile ya 1993, mwaka mmoja kabla ya albamu rasmi, ilienea sana. Nakala hizo zilipangwa kama filamu ilivyopangwa, tukio kwa tukio, na waliozitengeneza walifanya kazi kwa mapenzi na uangalifu mkubwa. Kwa hiyo Vangelis alipoleta albamu yake, wapenzi walikuwa tayari na albamu nyingine vichwani, na kipimo chao kilikuwa mpangilio wa filamu. Kila sekunde isiyokuwepo ikahesabiwa kuwa imeibwa. Toleo la 2007 lilipimwa kwa rula hiyo hiyo, na kwa rula hiyo lisingeweza kufaulu.

Sasa tutazame muziki wenyewe ulivyopatikana. Vangelis hakuandika nota, na alilisema hilo hadharani bila aibu. Katika studio yake ya Nemo, London, aliwekewa picha za filamu kwenye runinga, akakaa katikati ya vinanda vyake na kupiga huku akitazama. Kinanda kikuu kilikuwa Yamaha CS-80, sinthesaiza ya 1977 yenye uzito wa karibu kilo 100 na uwezo wa kutoa sauti nane kwa wakati mmoja. Ubora wake haukuwa kwenye hesabu hiyo. Ulikuwa kwenye vidole. Kila kitufe cha CS-80 husikia peke yake nguvu ya kidole kinachokikandamiza: ukishapiga mlio, ukaongeza uzito bila kuachia, mlio ule peke yake hung'aa au huvimba huku mingine ikitulia. Juu ya vitufe kuna utepe ambao kidole kikiteleza juu yake sauti hupanda au kushuka bila ngazi, kama sauti ya mtu. Sikiliza Blade Runner Blues, karibu dakika tisa. Huko hakuna kibwagizo cha kukumbukwa wala mdundo wa kufuata. Kuna mstari mmoja unaolia, unaochelewa kidogo kufika kwenye mlio wake, unaoinama mwishoni. Ondoa mkono wa mtu huyo na kipande hicho hakipo.

Hapa ndipo muziki huu unapoachana na muziki wa filamu wa okestra. Kazi iliyoandikwa kwa nota ipo kwenye karatasi. Ukipoteza rekodi, okestra nyingine inaweza kuipiga tena, na mtafiti anaweza kukuonyesha ilianzia wapi na kuishia wapi. Vangelis hakuacha karatasi. Alichotunga ni kile kilichoingia kwenye kanda usiku ule au mchana ule, pamoja na kila jaribio lililofuata. Kupiga na kutunga vilikuwa tendo moja, na kuchagua kipi kibaki, kikae wapi, kiungane na kipi, kulikuwa nusu ya pili ya utunzi. Okestra ya 1982 ilithibitisha jambo hilo bila kukusudia: ilikuwa na melodi zote zinazohitajika, na muziki haukuwepo.

Ukilikubali hilo, albamu ya 1994 inasikika tofauti. Wengi huiona kama muhtasari mbovu wa filamu. Ina mazungumzo ya waigizaji juu ya muziki, vipande vimeunganishwa vikaingiliana, mpangilio haufuati hadithi. Yote ni kweli. Lakini angalia mwisho wake. Kwenye filamu, Roy Batty, binadamu bandia anayeigizwa na Rutger Hauer, anakufa kwenye mvua, na baadaye ndipo ngoma nzito za majina ya mwisho zinapoingia. Vangelis aligeuza. Kwenye albamu ngoma zinakuja kwanza, kwa kasi yake yote, kisha zinanyamaza, na sauti ya Rutger Hauer ndiyo inayofunga, muziki ukiyeyuka nyuma yake. Filamu ilihitaji kuwatoa watu ukumbini. Albamu haikuwa na haja hiyo, na mtunzi akaweka huzuni mahali alipoona ndipo pake. Huo ni uamuzi wa mtu anayetunga kitu cha pili kutokana na cha kwanza. Unaweza usiupende, lakini huwezi kuuita uzembe.

Kuhusu mazungumzo hayo, sitajifanya hayanisumbui. Kwenye kipande cha ufunguzi, sauti ya Deckard, mhusika mkuu wa filamu, akiiamuru mashine yake ya kuchambua picha inakatiza muziki ambao ungetosha wenyewe, na baada ya kusikiliza mara nyingi maneno hayo huanza kuchosha. Wanaotaka kipande hicho kikiwa safi wana haki ya kukitaka, na toleo la 2007 lingeweza kuwapa bila kumpunguzia mtu chochote. Hilo ni kosa la kweli la toleo lile, na si dogo.

Lakini madai makubwa zaidi, kwamba kisichosikika kwenye filamu hakistahili kuwa kwenye diski, hayasimami hata kidogo. Tuyafuate hadi mwisho wake. Rachel's Song, ile sauti ya Mary Hopkin inayoelea bila neno hata moja, haimo kwenye filamu. Imo kwenye albamu kwa sababu Vangelis aliitoa kwenye kazi zake za wakati ule na kuiweka. Leo ni miongoni mwa vipande vinavyopendwa mno, na sijamsikia mkusanyaji yeyote akidai iondolewe. Memories of Green, piano ile iliyochoka yenye milio midogo ya elektroniki pembeni, ni moyo wa filamu kwa wengi wetu, nayo haikutungwa kwa ajili ya filamu. Ilikuwa tayari kwenye albamu yake See You Later ya 1980. Upande wa pili, ndani ya filamu kuna muziki usio wake kabisa: nyimbo za asili za Kijapani za Ensemble Nipponia zinazoambatana na chombo cha matangazo kinachopita angani, na kinubi cha Gail Laughton kinachosikika mtaani. Basi mwenye kudai muziki wote wa filamu na huo tu anadai kitu ambacho kingemwacha na kinubi cha Laughton na kumnyang'anya Rachel's Song. Hakuna anayetaka hivyo. Kinachotakiwa hasa ni muziki mzuri wa Vangelis kutoka kwenye ulimwengu huo, na mara tukikubali hilo, diski ya tatu haiwezi tena kukataliwa mlangoni. Inabidi isikilizwe.

Na ikisikilizwa, ina mengi. Si yote, baadhi ya sauti za wageni zinabaki kuwa sauti za wageni, na hakuna kipande kinachofikia uchungu wa 1982. Lakini vipo vipande vya piano na ukimya ambavyo vinaonyesha mtu wa miaka zaidi ya 60 akirudi kwenye mji aliowahi kuupa sauti, akiwa na vifaa vingine na mkono uliotulia. Ridley Scott, mwongozaji wa Blade Runner, naye alikuwa amerudi mwaka huo huo kwa toleo lake la mwisho la filamu, na alisifiwa kwa kurekebisha, kukata na hata kupiga picha upya sehemu fulani ili zifanane na alichokikusudia. Mwongozaji alipoigusa tena kazi yake ya zamani tulisema anaikamilisha. Mtunzi alipoigusa yake tukasema anakwepa kutupa tunachostahili. Bado sijapata sababu ya kutosha ya tofauti hiyo.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wakusanyaji, kwa maoni yangu, inatoka kwenye jambo lile lile ninalolitegemea. Kama kazi ipo kwenye kanda peke yake, basi isipotolewa ni kama haipo. Hakuna nota zitakazofufuliwa. Na kanda hufa. Mwaka 1982 huo huo Wendy Carlos alitunga muziki wa filamu ya Tron, na CD yake haikupatikana hadi 2002, baada ya kanda zilizokuwa zimeharibika kuokwa kwa joto dogo ili ziweze kuchezwa tena na kunakiliwa. Kanda za zamani hunyonya unyevu, gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulegea, na zikipitishwa kwenye mashine bila kuokwa huacha muziki kwenye vichwa vya mashine. Kuoka hununua muda mfupi tu wa kunakili. Anayesema mtunzi ana haki ya kuchagua lazima akubali pia kwamba muda nao unachagua, bila masikio.

Ndiyo maana naona kutunza na kutoa ni mambo mawili, na mjadala umeumizwa na kuyachanganya. Kunakili kila kanda ya Nemo, kila jaribio, kwa ubora wa juu na kuihifadhi ni wajibu usio na mjadala, na haukuwahi kumhitaji Vangelis aseme kipi ni albamu. Kuamua kipi kiende sokoni chini ya jina lake ni jambo jingine, na alipokuwa hai lilikuwa lake. Mwaka 2007 alitumia haki hiyo: akatoa vipande 12 vilivyokuwa vimefichwa kwa robo karne, akaiacha albamu yake bila kuigusa, akaongeza alichokuwa nacho kipya. Wapo wanaoliita toleo hilo nusu ya kazi. Mimi naona mtunzi aliyekubali kukutana na wapenzi wake njiani bila kuwakabidhi kalamu.

Vangelis alifariki Mei 2022, na hapo swali linabadilika. Aliyekuwa na haki ya kusema hapana hayupo tena, na warithi au kampuni hawawezi kudai wanatunga wanapochagua. Likija toleo jingine, nitakuwa upande wa wakusanyaji kwa jambo moja: vipande vya filamu vitolewe kwa mpangilio wa filamu, bila mazungumzo, na sehemu zisizo na rekodi safi zitajwe wazi zisije zikazibwa na mtu mwingine kwa kinanda kipya. Viwekwe kwenye diski zao wenyewe. Lakini albamu ya 1994 ibaki ilivyo, pamoja na sauti ya Hauer mwishoni mwake, na diski ya tatu isiondolewe ili kupata nafasi.