Televisheni Sina, Ada Ninayo

Nchini Ujerumani mtu hajamaliza kufungua maboksi ya kuhamia, barua ya ada ya utangazaji, ile ya kugharimia redio na televisheni za umma, imeshabisha hodi, kwa sababu ofisi za usajili wa wakazi huwapasha wakusanyaji wa ada hiyo kila anwani mpya. Ndugu zangu mnaoishi huku, ni huduma gani nyingine iliyowahi kuwafikia kwa mbio kama hizo?

Tangu mwaka 2013 ada hutozwa kaya, si televisheni. Kwa hiyo asiye na televisheni hulipa, asiye na redio hulipa, na nadhani hata anayelala na pamba masikioni atalipa. Kipofu naye, kwa kawaida, hupunguziwa tu, akalipa theluthi. Ni euro 18.36 kwa mwezi, zaidi ya euro 220 kwa mwaka, uwe peke yako katika kijichumba au muwe wanane katika jumba la kifahari.

Halafu, ukishalipishwa kwa lazima, unawasha ARD au ZDF, vituo vya televisheni vya umma, saa moja jioni na kukaribishwa na tangazo la dawa ya mgongo! Siku za kazi matangazo ya biashara huruhusiwa hadi saa mbili usiku. Je, fedha zetu huwa zimelala mpaka saa hiyo?

Taarifa zao za habari ni nzuri, sikatai. Lakini msemaji wa Kiswahili anayejifariji kwamba walau anaichangia idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, pole yake: Deutsche Welle hugharimiwa na kodi za serikali kuu, ambazo nazo, bila shaka, anazilipa.