Si Kijana, Si Mzee, Bali Ni Mlipaji

Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa kwa mbwembwe tarehe 27 Agosti 2010 pale Uhuru Park, ilinieleza mimi ni nani mpaka nilipotimiza miaka 35, na itarudi kunieleza tena nitakapotimiza 60. Kifungu cha 260 kinasema kwamba mtoto ni yule ambaye hajafikisha miaka 18, kijana ni aliyefikisha 18 lakini hajafikisha 35, na mzee katika jamii ni aliyefikisha 60. Kila mmoja wao amewekewa pake pa kusimama: mtoto ana Kifungu cha 53, kijana ana cha 55, mzee ana cha 57. Mimi nina miaka 41. Nimeipekua Katiba hiyo mbele na nyuma nikitafuta kifungu cha mwanamume wa miaka 41 anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kupanda matatu ya Barabara ya Jogoo, nisikione. Baina ya 35 na 60 pana pengo la miaka 25, na humo ndimo nilimo, pamoja na madeni yangu.

Najua mawakili watanijibu kwamba haki za binadamu ni za kila mtu bila kujali umri. Ahsanteni. Haki ya kila mtu ni kama pilau ya harusini: ni ya wote, ila aliye katikati ya foleni hujikuta akipewa mchuzi na maelezo.

Wala si kwamba ujana wenyewe niliufaidi. Nilihitimu chuo kikuu wakati ambapo kila mkubwa aliyepanda jukwaani alituita viongozi wa kesho, nami nikaenda kuingoja kesho hiyo nikiwa na bahasha ya kaki kwapani, nikitembea kwa miguu kutoka Upper Hill hadi Eneo la Viwanda ili nauli igeuke kuwa chapati na madondo. Ilikuwa mwaka 2009, tukiwa tumejipanga kwa maelfu, ambapo serikali ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, na viti tulivyokuwa tukisubiri viachwe vikaongezewa miaka mitano ya kukaliwa. Sina kinyongo na waliobaki wamevikalia, kwa sababu wawili kati yao ni wajomba zangu na mmoja ndiye aliyenilipia kodi ya nyumba nilipofungiwa mlango. Naomba tu iandikwe mahali kwamba ujana wa kisheria ni wa miaka 17, na mitano kati ya hiyo niliiazimisha serikali bila riba.

Matangazo ya kazi nayo yalikuwa na hesabu yake. Yalitaka mtu mwenye shahada, uzoefu wa miaka 10 na umri usiozidi 35. Sasa tuhesabu pamoja. Mtoto wa mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, akiingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6, anamaliza kidato cha nne akiwa na 18. Anakaa nyumbani akifukuza kuku huku akisubiri kuitwa chuoni, anasoma miaka minne ambayo migomo huifanya kuwa mitano, na siku anapovaa joho ana miaka 24. Ili awe na uzoefu wa miaka 10 kabla hajafikisha 35, lazima aajiriwe wiki ileile ya mahafali, asifukuzwe, asiugue, na akishafika hapo anabakiwa na mwaka mmoja tu wa kutumiwa. Sijawahi kukutana na mtu huyo. Nadhani anaishi Karen, mtaa wa matajiri, na hahitaji kazi.

Rafiki yangu mmoja alijaribu njia ya zabuni, kwa kuwa asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Alisajili kampuni ya kuuza karatasi na wino, akahangaika na vyeti mpaka akavipata vyote, na vilipokamilika alikuwa amefikisha miaka 35. Hakulia. Alihamisha kampuni kwa jina la mkewe, ambaye ni mwanamke na atabaki kuwa mwanamke hata akifikisha miaka 90, na siku hizi yeye ndiye dereva wa kampuni hiyo. Ukimpigia simu anakwambia kwamba itabidi amuulize bosi kwanza, na ukisikiliza vizuri utamsikia bosi mwenyewe nyuma yake akimuuliza kwa nini sukari imekwisha.

Ofisi ninakofanya kazi, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nautegemea mshahara wake, huifuata Katiba kwa uaminifu unaotia hofu. Mwaka uliopita idara ya wafanyakazi ilituma barua pepe mbili kwa siku moja. Ya kwanza iliwaalika wasiozidi miaka 35 kwenye mafunzo ya uongozi huko Naivasha, chumba cha mtu mmoja, posho ya kila siku, na fulana zenye nembo. Ya pili iliwaalika wanaokaribia kustaafu kwenye semina ya kujiandaa kwa maisha baada ya kazi huko Mombasa, chumba kinachotazama bahari, na ruhusa ya kwenda na mwenzi. Mwishoni mwa barua hiyo ya pili palikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo uliosema kwamba wafanyakazi waliosalia wangeshikilia ofisi. Tukaishikilia. Tulikuwa wachache katika ghorofa nzima, kila mmoja na kipara chake kinachoanza, tukipokea simu za wateja waliotaka kuzungumza na watu walioko Naivasha.

Msimamizi wangu ana miaka 31. Ni binti mwerevu na mwenye adabu, nami humwita Madam, naye huniita Mzee mbele ya watu na kuniuliza kwa upole kama nimeikamilisha ile ripoti, upole ambao huchoma kuliko kufokewa. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, kwa maana anajua kazi yake. Mimi nami ninayo yangu ninayoijua. Mashine ya kuchapisha ya ghorofa yetu ina trei inayokwama, na ni mimi peke yangu nijuaye kwamba lazima uinyanyue kidogo upande wa kushoto, uivute nusu, uipige kofi la wastani ubavuni, kisha uisukume taratibu mpaka usikie mlio. Wanagenzi huja mezani kwangu wakiwa na karatasi mkononi na kusema, "Anko, imekwama tena," nami huacha kila kitu na kwenda, na ninapoinama mbele ya mashine magoti yangu hutoa sauti ambayo wao hudhani ni trei imefunguka. Mmoja aliwahi kunishukuru kabla sijaigusa.

Mahali pekee ambapo nchi hunikumbuka kwa jina na nambari kamili ni kwenye karatasi ya mshahara. Mchukue mtu anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Akiba ya uzeeni ya NSSF huchukua asilimia 6, yaani shilingi 3,600. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huchukua asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba za bei nafuu huchukua asilimia 1.5, yaani 900. Hizo ni shilingi 6,150 ambazo zimekwisha kuaga kabla kodi ya mapato yenyewe haijavuta kiti ikaketi. Nalipia uzee ambao sijaufikia, ugonjwa ambao namshukuru Mungu sijaupata, na nyumba ambayo sikai ndani yake, huku mwenye nyumba ninayokaa akinitumia ujumbe ifikapo tarehe tano, ujumbe usio na salamu. Ukiongeza mkopo wa masomo ya chuo wa HELB, ambao kwa miaka mingi ulinifanya nilipie ujana niliokwisha kuumaliza, utaona kwamba pesa zangu zimepata kuishi katika kila umri wa mwanadamu isipokuwa huu nilio nao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa mtu. Ni sheria nzuri, na aliyeiandika alikuwa na moyo wa huruma, ila nakala yake haikufika katika ukoo wetu.

Hata kinyozi wangu hapa Umoja ananijua mimi ni wa kundi gani. Kijana akiketi kwenye kile kiti huulizwa anataka mtindo gani na kuonyeshwa picha ukutani. Mzee akiketi huulizwa habari za nyumbani na kama mvua imenyesha. Mimi nikiketi nanyolewa. Jambo pekee analoniuliza, tena kwa sauti ya chini kama daktari mwenye majibu mabaya, ni kama tupake nyeusi. Nikisema hapana, anatazama kichwa changu kwenye kioo kwa muda, anapumua, na kuendelea.

Lakini makato ya kweli, yale yanayonikosesha usingizi, hayapiti ofisini. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya maombi, na kwa kweli maombi hayajapungua humo: maombi ya karo, ya bili ya hospitali, ya mahari, ya jeneza, ya mabati. Jambo likizuka, mtu huanzisha orodha, kwa kawaida usiku wakati mtu ameshapanga bajeti yake na kulala, yenye nambari kutoka 1 hadi 30, na kila atakayetoa huinakili yote, huongeza jina lake, kiasi chake na alama ya tiki, na kuibandika tena, hivi kwamba alfajiri unaamka na kukuta orodha ileile mara 17 na majina ambayo hayafiki kumi. Nimeyachunguza majina hayo kwa muda mrefu. Vijana hawamo, kwa sababu bado wanatafuta, na mtu anayetafuta hasumbuliwi. Wazee hawamo, kwa sababu wao watatoa mwongozo. Walio na tiki, kuanzia nambari ya 1 hadi ya 9, wote wana umri wa kati ya miaka 35 na 60, nami ndiye mweka hazina wao, cheo nilichopewa nikiwa nimelala na ambacho maana yake ni kwamba pesa zikipungua, ninazijazia.

Mama yangu, ambaye hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, ana uwezo wa kunihamisha kutoka umri mmoja hadi mwingine ndani ya mazungumzo mamoja. Nikitoa maoni kuhusu mpaka wa shamba, ananiambia, "Baba, hayo waachie wazee, wewe bado mtoto." Kabla sijamaliza kuitikia, habari imegeuka kuwa ya paa la jikoni linalovuja, na hapo nimekwisha kuwa mwanamume wa boma, ambaye baba yake akifufuka leo atamuuliza amefanya nini.

Ndiyo maana nilisubiri kwa hamu siku ya kuzaliwa ya binamu yangu mdogo. Yeye ameajiriwa, ana gari, anaishi Ruaka katika nyumba yenye lifti, na kwa miaka yote hiyo amekuwa akitafuta. Mwezi uliopita alitimiza miaka 35, na kundi zima likamtumia keki za kuchora na baraka. Nilimwacha azipokee zote kwa utulivu. Ilipofika saa tatu usiku, nikabandika orodha mpya ya mabati ya jikoni kwa mama, na mahali pa nambari ya 10, palipokaa wazi tangu kundi liundwe, nikaandika jina lake, nikamkaribisha kwa maneno mazuri ya Kifungu cha 260, na kumweka shilingi 5,000 kama ahadi ya kuanzia.

Akasoma. Tiki mbili zikageuka rangi ya samawati. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha, kisha akaondoka kwenye kundi.

Baada ya dakika chache mjomba, ambaye tangu kundi liundwe hajatoa hata shilingi, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne akiagiza kwamba kijana huyo asisumbuliwe, na kwamba nambari ya 10 ijazwe na mweka hazina.