USIGUSE SAA SITA

Mwanzoni mwa msimu huu wa korosho niliitwa kwenye ofisi moja hapa Mtwara mjini nikaongeze diski kwenye kompyuta inayorekodi mizigo. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kipande cha selotepu ya karatasi, kimeandikwa kwa maka peni: USIGUSE SAA SITA. Nikamuuliza karani maana yake.

"Kaka, mimi mwenyewe nimeikuta."

Ndani nikakuta agizo la kuizima na kuiwasha mashine kila saa sita usiku. Neno la kueleza sababu, hakuna. Nikaona ni takataka za fundi aliyepita, nikalifuta. Siku ya tatu, magari ya magunia yamepanga foleni mpaka barabarani, mashine ikaganda. Programu ya mizani ilikuwa inaomba memori na hairudishi, na yule fundi alilijua hilo. Alilijua, akaondoka nalo.

Sisi mafundi ndivyo tulivyo. "Imepona, mzee," tunapokea chetu, tunapanda bodaboda. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya kazi, na hela tunachukua nzima.

Nikawa naikumbuka hitilafu iliyoitwa Dirty COW, ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, iliyozibwa Oktoba 2016 baada ya kuziacha mashine wazi tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Ndio mwaka ambao huku tulianza stakabadhi ghalani, kwa hiyo siusahau. Kerneli hugawa memori kwa kurasa, nyingi zikiwa za baiti 4,096. Programu mbili zikitaka kusoma kitu kilekile, zinapewa ukurasa mmoja. Anayetaka kuandika ndiye anayetolewa nakala yake. Chukulia daftari la ghala. Kusoma, soma. Ukitaka kuandika, karani anakutolea fotokopi uandike humo.

Sasa karani ametoa fotokopi, kageuka kufuata kalamu, mwenzako kaichana. Karani akirudi haioni. Lakini kichwani mwake suala la nakala lilishakwisha, na ombi lako la kuandika alishalifuta, anakuona msomaji tu. Anakusogezea daftari lenyewe, na kalamu juu. Kwa mwanya huo mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika kwenye mafaili asiyoruhusiwa, hata akajifanya mwenye mashine.

Kiraka chenyewe kilikuwa mistari michache: kerneli isilifute ombi la kuandika, iweke alama kwamba nakala ilitolewa, na kabla ya kuandika ihakikishe nakala hiyo bado ipo. Mimi kilichonishika ni maelezo yaliyoambatana nacho. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliandika wazi kwamba hitilafu hii alijaribu kuirekebisha yeye mwenyewe miaka 11 nyuma, ilipokuwa bado hatari ya nadharia tu, akaifanya vibaya, na rekebisho lile likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye mashine za IBM za aina ya s390. Mtu mzima na jina lake, anaandika kosa lake mahali ambapo dunia nzima inasoma! Mwaka 2017 ikabainika kwamba hata kiraka hicho kilikuwa na tundu kwenye kurasa kubwa, zile za megabaiti 2. Waliokuja kulitafuta walikuwa na pa kuanzia.

Wapo wanaosema msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukiandikwa vizuri unajieleza. Unajieleza unafanya nini, sawa. Njia uliyoijaribu ikakushinda haionekani kwenye msimbo, maana uliifuta.

Kule ofisini nililirudisha agizo la saa sita, nikabandua selotepu, nikabandika karatasi: tarehe, kinachotokea, kwamba nilifuta agizo na mashine ikaganda siku ya tatu, na kwamba chanzo ndani ya programu bado sijakipata. Karani akaisoma akacheka. "Na la kuganda umeliandika?" Nikamwambia ndilo la kwanza kusomwa.

Tangu hapo kila ikiganda mchana anaandika chini yake kwa kalamu yake. Wiki iliyopita alianza, bila kuambiwa, kuandika na idadi ya magunia yaliyopimwa siku hiyo. Nimeipitia ile safu jana. Haifuati saa wala siku, inafuata magunia. Kesho naanzia pale programu inapopokea uzito kutoka kwenye mizani.